Vita Vilivyogawa Lari, na Sisi Watu wa Jericho

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kina mama, vijana na wazee katika mkutano wa maendeleo wa mtaa, Jericho. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kuketi.)



Tulipoweka tangazo kwamba leo tutazungumza juu ya vita vya Mau Mau, baadhi yenu mlishangaa. Mama mmoja alituuliza pale sokoni: "Nyinyi kazi yenu ni maji, taka na karo za watoto. Hivyo vita vya wazee vinaingia wapi?" Ni swali la haki, na tutalijibu. Lakini hebu kwanza tuangalie majina ya mitaa tunayolala ndani yake.

Sehemu ya mtaa wetu inaitwa Ofafa Jericho. Vijana wengi tumewauliza Ofafa ni nani, wakacheka tu. Ambrose Ofafa alikuwa Mjaluo, diwani wa Nairobi na kiongozi katika chama cha Luo Union. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, alipigwa risasi akafa, na lawama ikawekwa juu ya Mau Mau. Kisumu walimjengea ukumbi wa ukumbusho. Hapa Nairobi serikali ya kikoloni ilimpa mitaa. Sasa teremka kidogo uende Mbotela. Huyo ni Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, mtoto wa Mzee James Mbotela aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Tom aliwapinga Mau Mau hadharani, na mwezi wa Novemba 1952 aliuawa karibu na soko la Burma. Haya, rudi upande wa Bahati. Hapo kuna mtaa wa Kimathi, jina la Dedan Kimathi, aliyenyongwa na serikali ile ile katika jela ya Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Mitaa hiyo mitatu mtu huizunguka kwa miguu asubuhi moja. Majina ya watu wa pande mbili za vita yamekaa kama majirani, na watoto wetu huyaita kila siku kwa makanga wa matatu bila kujua.

Wengine watatukemea tukisema vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watasema vilikuwa vita vya uhuru, Mwafrika dhidi ya mkoloni. Hatukatai. Bila mkoloni kunyang'anya ardhi kusingekuwa na msitu wala kiapo. Lakini hebu tazameni hesabu. Walowezi wa kizungu waliouawa katika miaka yote ile walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa zaidi ya 1,800. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, waliouawa kwa kuhesabiwa kuwa Mau Mau walipita 11,000, na wapo wanahistoria wanaosema hesabu hiyo ni ndogo mno. Watu 1,090 walinyongwa. Damu iliyomwagika karibu yote ilikuwa ya Mwafrika, na mara nyingi mkono ulioshika panga au bunduki ulikuwa wa jirani. Hilo ndilo tunalotaka kusema leo, kwa sababu ndilo lililofichwa.

Hatuwezi kusema juu ya nchi nzima ya Wakikuyu kwa jioni moja. Tutakwenda mahali pamoja tu, Lari, katika Kiambu. Ni kama kilomita 50 kutoka hapa, ukifuata barabara ya zamani ya Naivasha, kule Uplands kwenye baridi na ukungu. Familia kadhaa za mtaa huu asili yao ni huko au karibu na huko.

Habari ya Lari haianzi na kiapo. Inaanza na shamba. Karibu na Limuru kuna mahali panaitwa Tigoni. Wakikuyu walikuwa wakiishi hapo, na walowezi wakawazunguka pande zote, hata wakabaki kama kisiwa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ilisema watu wa Tigoni waondolewe, nao wapewe ardhi ya Lari badala yake. Mzee mmoja mkubwa, Luka Wakahangara, alikubali, akaenda Lari na watu wake. Wengine walikataa. Walisema ardhi ya ukoo haibadilishwi kama mbuzi, na kwamba Luka hakuwa na haki ya kukubali kwa niaba yao. Waliokataa walifukuzwa kwa nguvu mwaka 1940, nyumba zikabomolewa. Wako waliobaki bila Tigoni na bila Lari. Tena ile Lari yenyewe haikuwa tupu; walikuwako watu waliosema ni yao tangu zamani.

Sasa fikirini. Kwa miaka kumi na zaidi watu hao wanapishana njiani. Mmoja ana shamba na ng'ombe, serikali inamjua, jamaa zake ni machifu na wazee wa baraza. Mwingine analima kwa hisani ya mtu, anakwenda kutafuta kibarua Limuru au kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands, kile ambacho polisi waliwapiga risasi wafanyakazi watatu waliogoma mwaka 1947. Anakuja mpaka Nairobi, anakosa kazi, anarudi. Wakati kiapo kilipofika, kuni zilikuwa zimekauka zamani.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walinzi wa Lari walikuwa wameitwa doria upande mwingine. Makundi ya watu yakaingia katika maboma ya machifu, ya wazee wa baraza na ya wale walinzi wenyewe. Milango ilifungwa kwa nje, nyumba zikamwagiwa mafuta na kuchomwa, na waliotoka kupitia madirishani walikatwa. Luka Wakahangara aliuawa pamoja na watu wa nyumba yake. Waliokufa walipita 70, wengi wakiwa wanawake na watoto. Usiku huo huo kundi lingine lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likachukua bunduki na kufungua wafungwa.

Hapo ndipo vitabu vingi vya shule viliishia. Serikali ilipiga picha za maiti, ikazitawanya dunia nzima. Lakini usiku ule haukuishia hapo. Walinzi waliporudi na kukuta nyumba zao majivu, wao pamoja na polisi na askari waliingia nyumba kwa nyumba wakitafuta wale waliodhaniwa kuwa adui. Kabla ya mapambazuko na siku zilizofuata waliua watu wengi zaidi kuliko waliouawa mwanzo. Hao hawakupigwa picha.

Kwa mauaji ya kwanza, watu mamia walishtakiwa na 71 walinyongwa. Kesi zilisikizwa Githunguri, mahali pale pale palipokuwa na chuo cha ualimu cha shule za kujitegemea, ambacho watu walikijenga kwa michango yao wenyewe na serikali ikakifunga. Chuo kikageuzwa mahakama, tena kikawekwa kitanzi. Kwa mauaji ya pili hakuna mahakama ya namna hiyo iliyokaa.

Mnaona basi. Ukienda Lari leo ukauliza "watu wangapi walikufa?", jibu litategemea unayemwuliza. Nyumba moja itakuhesabia wa kwanza, nyumba ya pili itakuhesabia wa baadaye. Wote wanasema kweli, na kila mmoja anasema nusu.

Tuingie sasa katika jambo gumu, na tunaomba wazee mtuvumilie. Nani alikuwa homgadi? Tumezoea kusema "msaliti", tumemaliza. Kweli walikuwako walioua kwa ulafi, walionyang'anya ng'ombe na wake za watu, na walioweka wenzao gunia kichwani na kuwaonyesha wenzao kwa kidole. Lakini wako waliojiunga kwa sababu baba aliuawa. Wako Wakristo wa ufufuo waliokataa kunywa damu ya kiapo, na tena wakakataa kushika bunduki ya serikali, wakapigwa na pande zote mbili. Na wako wengi, hili si siri, waliokula kiapo jioni na kushika mkuki wa serikali asubuhi, maana ndiyo njia pekee waliyoiona ya kulinda boma. Zilikuwako nyumba zilizokuwa na kijana mmoja msituni na mwingine katika Ulinzi wa Wakikuyu, na mama anawapikia wote wawili, kila mmoja kwa saa yake.

Huyo mama ndiye vita vilimlemea kuliko wote. Kuanzia Juni 1954 serikali iliamuru watu waache maboma yao yaliyotawanyika vilimani, wahamie vijiji vilivyopangwa kwa mistari, vyenye handaki, miti iliyochongwa na mnara wa walinzi. Kwa muda wa mwaka mmoja na kitu, zaidi ya watu milioni moja waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba ya zamani ulitakiwa kuibomoa mwenyewe au ichomwe. Wanaume walikuwa kizuizini, jela, msituni, au wamekufa. Waliochimba mahandaki ni wanawake. Walitoka kwa filimbi, wakarudi kwa filimbi, wakapewa saa moja au mbili tu za kutafuta chakula shambani. Watoto walikufa kwa njaa na maradhi. Bibi mmoja wa mtaa huu alituambia kwamba mpaka leo akisikia filimbi ya mchezo pale Camp Toyoyo, mikono yake hutafuta jembe.

Neno la Kikuyu la vijiji hivyo, gichagi, limetokana na Kiswahili chetu, kijiji. Wengi husema lile neno la vijana, ushago, limezaliwa hapo. Mnapopanga kwenda ushago Krismasi, kumbukeni mahali pengine neno hilo lilikuwa na seng'enge.

Jambo moja la kushangaza lilizaliwa ndani ya taabu hiyo. Wanawake waliozoea kukaa kila mmoja katika boma la mumewe walijikuta wako mlango kwa mlango. Walijifunza kupokezana watoto, kuchangia unga, kuzika pamoja. Baada ya uhuru tuliona vikundi vya mabati vikienea nchi ya kati, kina mama wakichanga senti ili kila mmoja aezekewe nyumba kwa zamu. Hatusemi vijiji vilikuwa vizuri, tungekuwa wajinga. Tunasema kina mama walitoa kitu hata pale.

Na sasa tufike Nairobi, maana vita vilifika huku, na ndiyo maana mtaa huu una sura uliyo nayo. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wote. Waliita Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa vyumbani na kazini, wakachujwa uwanja wa Lang'ata, wengine wakipitishwa mbele ya mtu aliyevalishwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, umekwenda. Zaidi ya 20,000 walipelekwa kambi za Manyani na Mackinnon Road. Wanawake na watoto walirudishwa mashambani, kule kwenye vijiji tulivyovieleza. Waliobaki mjini walibanwa sehemu kama Bahati, ndani ya seng'enge.

Kazi zao hazikubaki wazi. Reli, baraza la mji, maduka na viwanda viliandika Wajaluo, Waluhya na Wakamba. Wengi wa hao walikuwa watu wa kawaida waliofuata mshahara. Walipewa vyumba, wakaleta familia. Kisha mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 baraza likajenga mitaa hii yetu kando ya barabara iliyoitwa Doonholm, ambayo leo ni Jogoo Road. Hali ya Hatari ilipoisha Januari 1960, Wakikuyu wakaanza kurudi mjini na kukuta nafasi zao zina watu. Walianza upya, wengi kwa uchuuzi. Basi mkisikia mtu akisema kabila fulani "wamezoea biashara" na kabila lingine "wamezoea ofisi", mwulizeni kama anajua habari ya Anvil. Hata uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa 1958, ambao zamani watoto wa Eastlands walikwenda kuutazama, ulijengwa kwa mikono ya wafungwa wa vita hivi.

Tumesema juu ya damu na juu ya kazi. Bado shamba, na hapa ndipo tunamjibu yule mama wa sokoni.

Wakati wanaume wako Manyani, serikali ilikuja na mpango wa kilimo unaoitwa wa Swynnerton, wa mwaka 1954. Vipande vilivyotawanyika vya kila ukoo vingekusanywa kuwa shamba moja, lipimwe, liandikwe jina la mtu mmoja, apewe hati. Kwa kilimo lilikuwa jambo la maana. Kahawa na maziwa ya Kiambu yametoka hapo. Lakini mpango wenyewe ulisema waziwazi kwamba wenye uwezo watapata ardhi zaidi na maskini watabaki bila, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida. Na nani alikaa katika kamati za kugawa? Ni wale waliokuwapo. Machifu, wazee wa baraza, homgadi, watu wenye cheti cha uaminifu. Cheti hicho kilikuwa mlango wa kila kitu: ruhusa ya kusafiri, leseni ya duka, kibali cha kahawa, hata kura ya mwaka 1957. Mke wa mtu aliye kizuizini angesimama vipi mbele ya kamati hiyo aseme mpaka wa mumewe ulipita kwenye mti ule? Muhoi, yaani yule aliyekuwa akilima kwa hisani bila shamba lake, yeye hakuandikwa popote. Waliokuwa msituni wengine walitaifishiwa ardhi kabisa kwa amri. Huko Fort Hall, Murang'a ya leo, ugawaji ulifanywa vibaya hata ikabidi kazi irudiwe.

Wanaume wakarudi 1957, 1958, 1959. Baadhi hawakurudi, pale Hola tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na walinzi mpaka wakafa. Waliorudi walikuta kigingi cha mpimaji. Shamba la bonde lenye maji limekuwa la jirani aliyekuwa na bunduki, wao wamepewa la mteremko, au kiploti cha kijijini, au hakuna. Wengi wa hao ndio baba zetu waliokuja kutafuta chumba Eastlands. Na katika Kiambu, Murang'a na Nyeri bado wako watu wanaoishi katika vijiji vile vya kikoloni, kizazi cha tatu na cha nne, kwa sababu hawakuwa na pa kurudi siku handaki lilipofukiwa.

Sheria ikaja kufunga kufuli. Sheria ya Ardhi Zilizosajiliwa ya 1963, kifungu cha 143, ilisema mahakama yaweza kurekebisha daftari la ardhi kama kuna udanganyifu, isipokuwa kama ni usajili wa kwanza. Usajili wa kwanza haukuguswa, hata kama ulipatikana kwa hila. Na usajili wa kwanza wa Kiambu ndio ule uliofanywa watu wakiwa kizuizini. Kwa hiyo vita vilipoisha, mshindi alipewa hati, na hati ikapewa ulinzi. Hayati Mzee Kenyatta aliwaambia watu wasahau yaliyopita. Twamheshimu, lakini ni rahisi kusahau ukiwa upande wa juu wa mteremko. Chama cha Mau Mau chenyewe, kilichopigwa marufuku 1950, kiliendelea kuwa haramu mpaka mwaka 2003, miaka 40 chini ya bendera yetu wenyewe.

Kwa nini tunayaleta haya Jericho? Kwa sababu tunayaona. Tumeketi katika maongezi ya posa hapa mtaani, vijana wawili wanapendana, soda zimefunguliwa, wazee wa pande mbili wanaulizana babu zao ni wa ukoo gani na wa kijiji gani. Mara mzee mmoja ananyamaza, anachukua kofia yake. Posa imekufa na watoto hawajui kwa nini. Tumeona ndugu wa tumbo moja wasiosemezana juu ya robo ekari, na ukichimba unakuta ugomvi haukuanza nao, ulianza 1956 kwenye kamati. Tumeona kijana akiuza vitu vya nyumba ili alipe wakili wa kesi ambayo babu yake aliishindwa mara mbili. Na mwanzo wa 2008, watu wa Nairobi walipoanza kuhamishana mitaa kwa hofu ya jirani, ni wazee waliopita Hali ya Hatari waliotangulia kufunga virago. Walijua jirani anaweza kuwa nini kwa usiku mmoja.

Tunasikia watu wakisema wasiwaeleze watoto, wasije wakarithi chuki. Sisi tunaona kinyume. Chuki wamekwisha kuirithi. Wasichorithi ni sababu yake. Kijana anajua tu kwamba "watu wa nyumba ile si wazuri". Angeambiwa kwamba babu wa nyumba ile alikuta watoto wake wamechomwa, na babu yake mwenyewe alitolewa kitandani usiku ule ule akauawa kwa kudhaniwa tu, labda angalau angenyamaza kidogo kabla ya kutukana.

Sasa mambo ya kushika mkononi.

La kwanza ni fidia. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza Bungeni kwamba inajuta, ikakubali kulipa watu 5,228 walioteswa, jumla pauni milioni 19.9. Mwaka 2015 mnara ukafunguliwa Uhuru Park. Kesi ya pili, ya watu zaidi ya 40,000, ilikataliwa na mahakama ya London mwaka 2018. Tunasema hivi kwa sauti kubwa kwa sababu wako wanaozunguka na madaftari wakisajili wazee kwa ada, ati pesa ya Mau Mau inakuja. Akija mtu namna hiyo mlangoni, msimpe hata shilingi. Mwulizeni kesi gani, mahakama gani, nambari gani. Ataondoka mwenyewe.

La pili ni shamba. Ile sheria ya 1963 ilifutwa mwaka 2012, na Sheria ya Usajili wa Ardhi iliyochukua mahali pake haiukingi tena usajili wa kwanza kwa namna ile. Na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mtu aliyeandikwa peke yake kwenye hati anaweza kuwa anaishika kwa amana ya mila, yaani kwa ajili ya watu wa ukoo wake, ikithibitishwa hivyo. Msikimbilie mahakamani kesho asubuhi. Haimaanishi shamba la bondeni linarudi. Miaka sabini imepita, watu wamezika wafu wao humo, na mahakama inataka ushahidi. Ina maana kwamba ndugu aliyeandikwa kwa niaba ya wenzake hawezi tu kusema "hati ni yangu, tokeni". Wengi wa walio na kesi hapa mtaani wako katika fungu hilo la pili, si la kwanza, na fungu hilo mara nyingi humalizwa na wazee mezani kwa gharama ya chai. Tunawaomba mjaribu meza kwanza.

La tatu ni wazee wenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati wa Lari amepita themanini. Walio hapa mtaani wanaokumbuka, wa msitu, wa doria, wa kijijini au wa Manyani, tunawahesabu kwa vidole. Tumewaomba vijana wetu sita, wa makabila mbalimbali kwa makusudi, wakae nao wawasikilize. Wawili wawili, si mmoja, na mmoja wa wawili hao asiwe wa nyumba hiyo. Mzee akisema hili lisiandikwe, lisiandikwe. Na wazee waliokuwa homgadi wasiachwe nje. Mmoja wao alitujibu kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza ila kwa kumtukana. Akasema atasema, lakini mke wake asiwepo, maana baba ya mke wake alikuwa upande ule mwingine na kwa miaka hamsini hawajawahi kuligusa jambo hilo mezani.

Wenye karatasi za zamani, kipande, pasibuku, cheti cha uaminifu, barua ya kizuizini, ramani ya mpimaji, mzilete Jumamosi baada ya saa nane. Zinazolika na panya zitaona jua. Karatasi ya asili msimwachie mtu yeyote, hata sisi. Tutaipiga picha mbele ya macho yenu, tuandike ni ya nani na imetoka kijiji gani, na mtarudi nayo nyumbani siku hiyo hiyo.